Kitanda Kilichopita Karantini

Kifuniko ni cha mfunguaji. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na ndiyo maana iliheshimiwa. Tangu enzi za Wagiriki na Waarabu wenye maduka karibu na soko, kasha likishushwa bandarini kutoka Kigoma, fundi seremala wa Buyenzi aliitwa na nyundo yake. Alifungua bila kuvunja kitu, akanyweshwa chai, na jioni akarudi nyumbani na mbao za kifuniko begani. Hakuna aliyemfuata nyuma kumhesabia. Siku hizo ukimwambia mtu chukua kifuniko, alichukua kifuniko. Leo mwambie hivyo, atang'oa na bawaba za mlango wako.

Shaabani wa avenyu ya saba alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuishika sheria hiyo, na nusura imkoseshe binti yake kitanda cha harusi.

Mwaka huo wa 2002 alikuwa na miaka sitini na mitatu, mwembamba kama rula, na penseli juu ya sikio. Penseli hiyo ilikuwa imekaa pale muda mrefu hata mkewe, Sijaona, alidai kwamba ameolewa nayo. "Siku ya ndoa nilipofunuliwa uso," alikuwa akisema mbele ya wageni, "kitu cha kwanza nilichokiona ni penseli. Mume nilimwona baadaye."

Walijaliwa mabinti wanne. Watatu wa kwanza waliolewa kabla ya vita, na kila mmoja alitoka nyumbani na kitanda kilichochongwa na baba yake: matendegu manne manene ya duara, mifumbati minyoofu ya kubeba godoro, na kichwa chenye maua ya kuchonga kwa patasi. Vitanda hivyo havikuwa na msumari hata mmoja. Ncha ya kila mfumbati ilichongwa ulimi, ulimi ukaingia katika tundu la tendegu, na kigingi cha mbao ngumu kikapigwa ubavuni kuushikilia. Kitanda cha namna hiyo kilihama nyumba kwa nyumba, kikifunguliwa na kusimikwa upya, na hakikupiga kelele za kuwasimulia majirani habari za ndani. Mafundi wa leo wanakupa kitanda chenye maneno mengi kuliko mke na mume waliolala juu yake.

Wa nne alikuwa Fadhila, kitinda mimba. Zamu yake ikaangukia vitani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimfanya Shaabani fundi wa kitu kimoja. Tangu Oktoba ya mwaka tisini na tatu watu walimjia na kamba mkononi: mita moja na sabini, mita moja na sitini, na siku nyingine kamba fupi ambayo hakupenda kuipima mara mbili. Waislamu wenzake walizikwa kwa sanda, lakini Wakristo wa Ngagara, wa Carama na wa kila upande walitaka jeneza, tena walilitaka siku hiyo hiyo. Jeneza halingojei ulimi wala tundu. Alipigilia misumari miaka tisa mfululizo, mpaka sauti ya msumari ikamchosha kuliko sauti ya bunduki.

"Msumari umezoea majeneza," alimwambia Sijaona. "Chumbani mwa Fadhila hautaingia."

"Umesema vizuri, Baba Fadhila. Na mbao je? Zitaingia lini?"

Barabara za milimani zilikuwa na waviziaji, mbao za Kongo zilikwama ng'ambo, na ubao uliofanikiwa kufika mjini ulikwenda jenezani kabla haujakauka. Fadhila alikwisha kuchumbiwa na Faruk, fundi magari wa avenyu ya kumi na moja. Harusi ilipangwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, mchana, ili bibi harusi afike kwake kabla ya saa ya kutotembea iliyowekwa na serikali. Zilibaki wiki tatu, na baba mtu hakuwa na ubao wa kutosha hata kigoda.

Ndipo likaja kasha la ndege.

Mwenye ndege alikuwa Gélase, mfanyabiashara wa kahawa aliyekaa Kinindo, mtu mnene, mwenye moyo mzuri na woga mwingi. Aliogopa kuviziwa barabarani kila alipokwenda kuangalia kahawa yake, kwa hiyo alinunua ndege ndogo ya watu wanne, kuukuu, huko Ulaya, ili awe anapita juu. Hakujiuliza kwanza kama huko juu haogopi. Ndege ikang'olewa mabawa, ikafungwa ndani ya kasha refu, ikapanda meli, ikapanda treni, ikavushwa ziwa, na baada ya miezi mitano ikafika uwanja wa ndege juu ya lori. Sijaona alipoelezwa habari hiyo alisema ni ndege ya kwanza kuisikia iliyofika uwanjani kwa magurudumu ya watu wengine.

Gélase alimjua Shaabani tangu enzi za marehemu baba yake. Akamwita Jumatatu.

"Muzee, nakuomba, usiikwaruze."

"Mi nimefungua makasha ya vioo vya Wagiriki, patroni. Hili lako ni bati tu."

"Kuna mkaguzi wa karantini anakuja kesho, lakini we fungua tu. Nataka niione."

Shaabani alifungua. Alifanya kazi siku nzima, ubao kwa ubao, na ndege ikatokea imejikunyata humo ndani na mabawa yake ubavuni kama kuku aliyenyeshewa. Gélase aliizunguka mara tatu akiwa na leso mkononi, macho yamemlowa. Shaabani hakuiangalia sana. Alikuwa akitazama kifuniko: mbao kumi na mbili za msonobari, nene, nyeupe, nyoofu, ndefu, bila fundo. Alizipapasa moja moja. Kwenye mmoja kidole chake kilikuta kitundu kidogo, upana wa kichwa cha pini. Akajiambia ni pini iliyokuwa imeshika karatasi, akaugeuza ubao upande wa pili.

Alizipeleka mjini juu ya baiskeli mbili za wachuuzi wa ndizi. Kwenye kizuizi askari walimsimamisha.

"Muzee, jeneza la nani refu hivyo?"

"Si jeneza. Ni kitanda cha binti yangu anayeolewa."

Askari aliita wenzake waje wamwone. "Huyu," akasema, "ni wa kwanza mwaka huu." Wakampisha, na mmoja akasukuma baiskeli mpaka ng'ambo ya kizuizi.

Mkaguzi, ambaye jina lake lilikuwa Astère, alifika siku ya pili na mkoba wake. Alikuwa kijana wa Ngagara wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alianza na ndege yenyewe, na kwa kweli aliifanyia mambo ambayo hata mgonjwa hafanyiwi. Alikuta udongo wa ugenini kwenye magurudumu, akaukwangua wote. Alikuta mbegu za majani kwenye viti, akaziokota kwa kibano. Alikuta kiota cha nyigu ndani ya kibomba cha bawa, akakitia kwenye chupa na kukiandikia jina. Kisha akaifunika ndege kwa turubai, akaipulizia dawa, na kuifungia bandani wiki mbili na zaidi. Gélase alikuja kila siku kuchungulia mlangoni kama mume kwenye wodi ya wazazi.

Kasha alilikumbuka mwishoni kabisa, Jumatatu ya wiki ya harusi, alipotaka kufunga faili. Aligonga ubao mmoja kwa kinyundo chake. Ukadondosha unga. Akagonga wa pili, unga. Akaandika kwamba mbao zote zichomwe moto, akazihesabu, akasoma makaratasi ya meli, akazihesabu tena.

Jumanne asubuhi gari la Gélase lilisimama mbele ya karakana ya Shaabani. Astère alitangulia kushuka. Shaabani hakuinua kichwa kutoka kwenye randa.

"Karibu. Kamba yako ina urefu gani?"

"Kamba gani, Muzee?"

"Ya marehemu."

"Apana, Muzee. Hakuna aliyekufa. Natafuta mbao kumi na mbili."

Shaabani alimwonyesha benchi la mlangoni, na mkaguzi akakaa, akafungua faili magotini. Gélase alibaki amesimama anajipangusa.

"Kasha lilikuwa na mbao sitini na nne," Astère akasema. "Uwanjani ziko hamsini na mbili."

"Kifuniko ni cha mfunguaji."

"Sheria hiyo imeandikwa wapi?"

"Ingeandikwa wangekwisha kuifuta."

"Baba Fadhila, nionee huruma," Gélase akadakia. "Ndege yangu imefungwa kama mwizi. Mkaguzi anasema haitoki mpaka ubao wa mwisho uonekane."

"Mbao zako zina mdudu, Muzee," Astère akasema. "Mdudu wa kwao, si wa kwetu. Anatoboa ndani kwa ndani. Ni lazima nizione."

Shaabani aliweka randa chini. Tangu aanze kazi hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba mbao zake zina mdudu. Angeweza kusema zimekwisha kuuzwa, na hapo Buyenzi kungekosekana mtu wa kumpinga. Lakini kidole chake kilikumbuka kile kitundu.

"Ziko ndani," akasema. "Zimekuwa kitanda."

Kitanda kilikuwa kimesimama katika chumba cha Fadhila, kikingoja kuhamishiwa kwa Faruk, na pembeni yake wanawake saba walikuwa wakimpaka bibi harusi hina. Sijaona alijaza mlango.

"We mutoto, mama yako yuko wapi?"

"Ngagara, mama. Kwartié ya pili."

"Na anajua kwamba unaingia vyumba vya mabibi harusi?"

"Hajui, mama."

"Basi ingia upesi, kabla sijampelekea habari. Viatu vibaki nje."

Astère akaingia ameinamisha macho, akiomba radhi kwa kila aliyemkanyagia kanga. Alipiga magoti kando ya kitanda, akagonga tendegu kwa kinyundo, akalibandika sikio. Wanawake wakanyamaza kwa kushangaa.

"Daktari," mmoja akauliza, "kina mimba?"

Waliangua kicheko mpaka bakuli la hina likapinduka. Astère hakucheka. Alimwita Shaabani kwa mkono. Mzee akapiga magoti upande wa pili, naye akabandika sikio. Mwanzoni alisikia damu yake mwenyewe. Kisha akasikia: krr, krr, kimya, krr. Ndani ya tendegu alilolichonga siku tatu kulikuwa na mtu mwingine anayechonga. Akatazama chini ya kichwa cha kitanda. Pale sakafuni palikuwa na unga mweupe, kiasi cha ncha ya kijiko.

"Nilikiona," akasema polepole. "Kile kitundu. Nilikiona siku ya kwanza, nikageuza ubao."

Hakuna aliyecheka tena. Astère akaeleza bila kupandisha sauti. Mdudu huyo akitoka humo hatachagua. Kuna misonobari milimani, kuna mihimili ya nyumba. "Ataanza na paa la nani, Muzee?" Shaabani akainua macho kwenye paa la nyumba yake, ambalo alilipandisha yeye na babake, kisha akayashusha.

"Baba," Fadhila akasema, mikono yake miwili yenye hina mbichi ikiwa hewani, "nitalala kwenye mkeka. Faruk anashinda chini ya magari, mgongo wake umezoea."

Shangazi zake wakamfinya kwa maneno hayo. Shaabani alitazama maua aliyoyachonga, akafikiri kwamba mabinti watatu wana vitanda na wa nne atapata mkeka, na kwamba watu watakapouliza sababu, jibu litakuwa ni kidole cha baba yake kilichojidanganya.

"Hiyo karatasi yako," akamwambia Astère, "isome yote. Nyie vijana mnasoma mstari wa juu tu."

Astère akasoma. Mbao zichomwe moto. Au zipashwe joto mpaka kiini cha ubao kifike nyuzi hamsini na sita, zikae hapo nusu saa bila kushuka.

"Lakini tanuri la namna hiyo hatuna nchini, Muzee."

"Tunalo. Lipo avenyu ya tano. Linapika mikate."

"Na kitanda kizima kitapitaje mlango wa tanuri?"

"Nani amekwambia kitapita kizima?"

Akaomba nyundo yake ya mti. Akagonga kigingi cha kwanza kwa upande wa nyuma, kikatoka chenyewe kama jino la mtoto. Cha pili, cha tatu. Mfumbati ukaachia tendegu, kichwa kikalala ukutani. Kitanda kilichomchukua zaidi ya wiki mbili kikawa mzigo wa mbao kabla chai aliyomiminiwa mgeni haijapoa. Angekipigilia misumari kama wanavyofanya wote, wangekitoa kwa shoka, na kingekwenda shimoni pamoja na zile hamsini na mbili.

Walizibeba mpaka karakana. Astère akakaa tena pale benchini, akajumlisha vipande na mabaki ubao kwa ubao, kalamu ikimfuata.

"Kumi na moja," akasema. "Na maranda?"

"Yale nilipikia maharage," Sijaona akajibu.

"Vizuri, mama. Hiyo ni karantini kamili. Na ubao wa kumi na mbili?"

Shaabani akakuna kichwa, penseli ikaanguka. Alitafuta nyuma ya mlango, alitafuta darini. Gélase aliinama mpaka suruali ikalalamika. Sijaona alikunja mikono akawaacha wahangaike kidogo.

"Ungesimama, mwanangu," akamwambia mkaguzi, "pengine ungeuona."

Astère akasimama taratibu, akatazama alipokuwa amekalia, akagonga benchi kwa kinyundo. Unga ukadondoka kwenye kiatu chake. Gélase alicheka hadi ikabidi naye atafute pa kukaa, na hapakuwapo tena.

Mwenye tanuri aliitwa Birindwa, mtu aliyekuja kutoka Bukavu zamani akasema anapita tu, na hajapita mpaka leo. Alisikiliza ombi lao, unga umemjaa kwenye nyusi.

"Mikate yangu itanuka mbao," akasema.

"Birindwa," Shaabani akajibu, "mikate yako ikinuka kitu chochote itakuwa imepanda cheo."

Wakatukanana kidogo, kwa adabu, kama walivyofanya kila wiki kwa miaka thelathini, na Birindwa akakubali. Jumatano saa tatu, mikate ilipokwisha kutoka, makaa yalikwanguliwa na vipande vyote, pamoja na mabaki na ubao wa benchi, vikapangwa ndani juu ya matofali, visigusane. Astère alikuwa na kipimajoto chenye ncha ndefu ya chuma na sindano ya kuonyesha nyuzi, kile anachochomea masanduku ya samaki. Alitafuta pa kukidungia katika tendegu nene kuliko yote. Shaabani akamwonyesha ndani ya lile tundu la ulimi, ambako alama haitaonekana na mtu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kungoja. Joto likizidi, tendegu litapasuka; likipungua, mdudu ataamka na kuendelea alipoachia. Shaabani alikaa mlangoni mwa tanuri, mkono wake mbele, akimwamuru Birindwa afungue kidogo, afunge kidogo. Watu waliokuja kununua mikate walisimama.

"Mnapika nini?"

"Kitanda," Birindwa akasema. "Njoo saa tano, kitakuwa kimeiva."

Mizinga ililia upande wa milimani, mara mbili, na bati la duka likatetemeka. Hakuna aliyeinuka. Sindano ilikuwa kwenye arobaini na nane.

"Muzee," Astère akauliza, "kwa nini hukutia misumari? Ingekuwa upesi."

Shaabani akamweleza habari za majeneza, kwa maneno machache, macho yakiwa kwenye sindano. Kijana akafuta miwani.

"Mwaka tisini na tano nilikuletea kamba," akasema. "Mita moja na sabini na tano. Ya baba. Jana uliponiuliza tena nilidhani umenikumbuka."

"Sikumbuki nyuso, mwanangu. Ningekumbuka nyuso ningeacha kazi."

"Jeneza lake ulilipiga randa ndani pia. Mama alishangaa. Alisema nani atapaona huko ndani?"

Shaabani alipeleka mkono mbele ya mlango wa tanuri, ingawa hapakuwa na haja. Sindano ikafika hamsini na sita, ikapita kidogo. Astère akatazama saa yake, na kwa nusu saa nzima watu wazima watatu na wateja sita walitazama sindano ile bila kupepesa, kama wanaoutafuta mwezi wa Idi.

Vipande vilitoka vimoto, rangi yake imekuwa kama ya maandazi. Matendegu yalikuwa mazima. Mfumbati mmoja ulikuwa umejipinda kidogo katikati, na vigingi vya zamani sasa vilicheza matunduni kwa sababu mbao zilikauka zikanywea. Shaabani alichonga vigingi vipya, vinene zaidi, Jumatano iliyobaki na Alhamisi. Siku hiyo ya Alhamisi mbao hamsini na mbili zilichomwa shimoni karibu na uwanja, ndege ikaachiwa, na mafundi wakakesha wakiirudishia mabawa. Gélase aliporudi kusimulia jinsi zilivyowaka, Shaabani alimwomba anyamaze. Alikuwa amekwisha kuzipima moyoni: vitanda vinne na kigoda.

Ijumaa baada ya swala kitanda kilisimikwa chumbani kwa Faruk. Shangazi watatu wa bwana harusi wakaja kukikagua, kwa maana huko nyuma, harusi zilipokuwa harusi, kazi ya upande wa mume ilikuwa kutafuta kasoro, na kazi ya upande wa mke kuwajibu. Wakapapasa, wakatikisa, wakainama.

"Mbona kinanuka mkate?" mkubwa wao akauliza.

"Mmekuja bila kula?" Sijaona akawajibu.

"Na huu mfumbati umepinda."

"Umepinda kwa ndani, ili mwanenu asianguke. Tumesikia habari zake."

Walipotaka kuendelea, akachomoa karatasi kifuani. Astère, aliyealikwa, alikuja nayo asubuhi hiyo: hati ya karantini ya ndege, nakala ya Gélase, na chini yake hati ya pili, fomu ile ile na muhuri ule ule, iliyosema kwamba kitanda kimoja cha mbao kimepashwa joto kwa kanuni na hakina mdudu hai. Sijaona aliwasomea mstari kwa mstari.

"Binti zenu waliolewa na vitanda," akasema, akiikunja polepole. "Wangu ana kitanda chenye stempu ya serikali."

Shangazi wakapiga vigelegele, na huko ndiko kushindwa kwa heshima.

Wageni walikuwa bado uani na sahani mikononi sauti ya injini ilipotokea juu ya mapaa. Miaka tisa ilikuwa imewafundisha: nusu ya harusi ikajitupa chini ya meza, na pilau la watu wawili likamwagikia kanzu ya shehe. Astère peke yake alibaki amesimama, shingo juu, sahani imenyooka.

"Inukeni," akasema. "Ile ni safi. Nimeikagua mwenyewe."

Ndege ilipita mara moja, ikainamisha bawa juu ya avenyu ya kumi na moja. Rubani aliyekodiwa alisema baadaye kwamba Gélase aliagiza salamu hiyo akiwa amefumba macho, na hakuyafumbua mpaka waliposhuka.

Saa kumi wanawake walianza kumleta Fadhila, wakiimba kwa haraka kwa sababu ya saa ya kutotembea. Shaabani alijipenyeza chumbani kwa Faruk, akapiga kigingi cha mwisho, ambacho hakikuhitaji kupigwa. Halafu akapiga magoti, akatoa penseli sikioni ili isimzuie, akalibandika sikio kwenye tendegu.

Nyimbo zilikuwa zimefika kwenye kona. Sijaona alitangulia kuingia, akamkuta chini.

"We mzee, unasikiliza nini?"

"Hamna kitu," akasema, na hakuinuka.

"Kama hamna kitu basi toka. Wenyewe wamefika."